Sakafu Yenye Joto kwa Nyumba za Nyanda za Baridi

Mwezi wa Juni unapoingia, akina mama wa Makete, Njombe na Mufindi hawana haja ya kutazama kalenda. Miguu huwaambia. Ukishuka kitandani alfajiri na kukanyaga saruji tupu, baridi hupanda mpaka magotini kabla hujaufikia mlango. Katika uwanda wa Kitulo, ulio kwenye kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, umande huganda usiku na majani hupambazuka meupe. Wenzetu wa Limuru, Kinangop na Molo nchini Kenya wanaijua hali hiyo vizuri, hasa mwezi wa Julai.

Tunapojiandaa kwa kipupwe, wengi wetu tunafikiria masweta, blanketi na soksi. Sakafu huwa hatuifikirii. Tunaiachia kwa fundi, naye huimaliza kama alivyomaliza nyumba ya jirani. Lakini sakafu ndipo mtoto anapotambaa, ndipo bibi anapoketi na kunyoosha miguu, na ndipo tunapopiga magoti kuomba. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya sakafu inayofaa nyumba za nchi ya baridi, tukianza na sababu iliyotufanya tulione jambo hili kuwa zito.

Jiko la mkaa si dawa ya baridi

Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na asubuhi watu wasiamke. Mara nyingi aliyeliingiza jiko ndani ni mama mwenye upendo, aliyeona watoto wake wanatetemeka.

Mkaa unapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, bado unaitoa. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu hushindwa kuufikishia mwili oksijeni unayoihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea mwili. Mtu aliyelala hazisikii kabisa. Mtoto mdogo na mtoto aliye tumboni huathirika upesi zaidi. Ukiona dalili hizo kwa watu walio karibu na jiko, watoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu.

Basi, msomaji mpendwa, tunapozungumza juu ya sakafu yenye joto hatuzungumzii mapambo. Chumba ambacho sakafu yake hainyonyi joto la watu hakimpi mama kishawishi cha kuingiza jiko usiku.

Kwa nini saruji ni baridi kuliko mkeka?

Weka mkeka juu ya sakafu ya saruji usiku kucha. Asubuhi kanyaga mguu mmoja kwenye mkeka na mwingine kwenye saruji. Utaona saruji ni baridi zaidi. Lakini ukipima kwa kipimajoto utakuta mkeka na saruji vina joto karibu sawa, kwa kuwa vyote vimelala katika chumba kimoja.

Tofauti iko katika jinsi kila kimoja kinavyonyonya joto la mguu wako. Saruji na jiwe hulivuta joto haraka na kulipeleka chini, nao mwili hulazimika kutoa jingine. Mbao hulivuta polepole: zege hupitisha joto takriban mara kumi kuliko mbao za msindano. Zulia, ngozi ya kondoo na blanketi hulivuta polepole zaidi, kwa sababu vimeshika hewa ndani ya manyoya au nyuzi zake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri sana cha joto.

Hapa tuseme ukweli juu ya imani moja iliyoenea. Nimonia huletwa na vijidudu, haitoki sakafuni. Wala baridi ya saruji haimpi bibi ugonjwa wa viungo, ingawa viungo vinavyouma tayari hukakamaa zaidi palipo na baridi. Hata hivyo mwili wa mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima. Tena nyumba yenye unyevu na kuvu huwasumbua wenye pumu, na moshi ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo sakafu kavu yenye joto ni msaada wa kweli kwa afya, ingawa si kinga ya kila ugonjwa.

Kwanza uondoe unyevu

Sakafu yenye unyevu haitapata joto hata ukiitandikia nini. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia saruji kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Zulia likitandikwa juu ya sakafu ya namna hiyo huoza kwa chini na kutoa harufu ya kuvu.

Uko mtihani rahisi ambao kila mama anaweza kuufanya. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita kila upande. Kitandaze juu ya saruji kavu na ubandike kingo zote kwa gundi ya utepe, hewa isipite. Kiache siku mbili au tatu. Ukikiinua ukakuta matone upande wa chini, au saruji imebadilika rangi na kuwa nyeusi, unyevu unatoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu, unyevu unatoka hewani mwa chumba, pengine kwa kupikia ndani, kuanikia nguo ndani au kukosa madirisha ya kutosha.

Kwa anayejenga sasa, dawa ni ya gharama ndogo ikitangulia, na ya gharama kubwa ikichelewa. Mwambie fundi ashindilie mawe, aweke mchanga juu yake, kisha atandaze nailoni nzito chini ya sakafu yote kabla ya kumwaga zege. Vipande vya nailoni vipandane vizuri, wala visitobolewe na mawe. Hakikisha pia kwamba sakafu imeinuka juu ya ardhi ya nje, na kwamba maji ya mvua kutoka batini yana mfereji wa kuyapeleka mbali na ukuta.

Kwa mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, aanze nje. Achimbe mfereji, aondoe udongo uliolundikana ukutani na kuzuia maji yasituame. Mara nyingi kazi hiyo ya jembe pekee huikausha sakafu kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Tuzitazame sakafu moja moja

Sakafu ya udongo. Tusiibeze. Udongo mkavu haunyonyi joto haraka kama zege, na mama zetu waliukandika kwa ustadi mkubwa. Ubaya wake ni vumbi, funza na vijidudu vinavyoingia tumboni mwa watoto. Nchini Meksiko, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2000 katika jimbo la Coahuila ulizipa familia maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba ikiondolewa udongo wote na kuwekewa saruji, maambukizo ya minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto hupungua kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49. Hivyo hatumshauri mama yeyote arudi kwenye vumbi kwa ajili ya joto.

Lakini ipo njia ya kati. Nchini Rwanda, shirika la EarthEnable huwajengea watu sakafu za udongo ulioshindiliwa, ambazo juu yake hupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa gumu. Sakafu hiyo hufagilika, hupigwa deki, na haitoi vumbi. Kwa asiyeweza kununua saruji, jambo hili linafaa kufuatiliwa.

Sakafu ya saruji. Hii ndiyo iliyo katika nyumba nyingi. Ni imara, ni safi na mchwa hawaili. Baridi yake si sababu ya kuivunja. Ichukue kama msingi, kisha uivalishe, kama vile mtu asivyotoka nje mwezi wa Julai bila sweta.

Vigae. Siku hizi vigae vinavyong'aa vimekuwa alama ya nyumba ya kisasa. Kwa watu wa Tanga au Mombasa ni neema, kwa kuwa vinapoza miguu. Kwa watu wa Njombe ndivyo vinavyonyonya joto haraka, sawa na saruji iliyo chini yake, tena huteleza vikilowa. Jikoni na bafuni vinafaa, kwa kuwa maji humwagika huko. Katika chumba cha kulala watoto, tunashauri fedha hiyo itumike kwa jambo jingine.

Sakafu ya mbao. Kwa nchi za baridi hii ndiyo yenye sifa, na watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati, kwani msitu wa kupandwa wa Sao Hill uko huko Mufindi, na mbao za msindano, ambazo wengi huziita paina, hupatikana karibu. Yapo mambo manne ya kuangalia.

La kwanza, mbao ziwe zimekauka barabara. Mbao mbichi zikipigiliwa hujikunja na kuachana, na katika nyufa hizo upepo hupita. La pili, zege jipya lisifunikwe mapema. Mafundi huhesabu takriban mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, hivyo zege la sentimita 10 lahitaji kama miezi minne. La tatu, kama sakafu imeinuliwa juu ya ardhi, pawe na matundu ya hewa chini yake ili mbao zisioze, nayo yazibwe kwa wavu kuzuia panya. Lakini kwa kuwa upepo utapita chini, mbao zenyewe lazima zishikane, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika mfereji wa mwingine. La nne ni mchwa. Mbao zipakwe dawa kabla ya kupigiliwa, na dawa ikauke kabisa kabla watoto hawajaingia chumbani.

Mpira na zulia. Mpira mwembamba wa plastiki ni rahisi kufuta, lakini peke yake huongeza joto kidogo tu. Uwekee kitu laini chini yake, na usiutandike kamwe juu ya sakafu yenye unyevu, kwa maana utaufungia unyevu huo chini yake na kuzaa kuvu. Zulia lina joto zaidi, ila hutunza vumbi. Kwa nyumba yenye mtu wa pumu, chagua mazulia madogo yanayoweza kutolewa, kupigwapigwa na kuanikwa juani kila juma, kuliko kapeti iliyogundishwa ukuta kwa ukuta.

Waliozoea baridi kuliko sisi

Katika nchi za theluji watu wamekuwa wakipambana na sakafu za baridi kwa karne nyingi, na yapo ya kujifunza kwao. Wakorea walibuni sakafu iitwayo ondol. Moto wa jikoni uliwashwa upande mmoja wa nyumba, na moshi wake moto ukapitishwa katika njia zilizo chini ya sakafu ya mawe mpaka kwenye bomba la moshi upande wa pili. Juu ya mawe walipaka udongo na kubandika karatasi ngumu iliyopakwa mafuta. Familia iliketi, ikala na kulala sakafuni pa joto bila moshi chumbani.

Lakini hata wao walilia. Katika karne ya 20 walipoanza kutumia matofali ya makaa ya mawe mahali pa kuni, gesi ileile ya kaboni monoksidi ilipenya katika nyufa za sakafu na kuua watu wengi wakiwa usingizini. Siku hizi nyumba za Korea hupitisha maji ya moto katika mabomba yaliyo chini ya sakafu, na moto wenyewe uko mbali na wanaolala. Funzo ni moja kwa wote: joto lifike kwa watu, lakini moto usivute hewa wanayoivuta wao.

Watu wa Norwe na Finland wana desturi nyingine isiyogharimu senti moja. Viatu huvuliwa mlangoni. Viatu vilivyolowa huleta maji na matope, na sakafu iliyolowa ni sakafu ya baridi. Ndani huvaliwa soksi nene za sufu. Akina mama wengi wa kwetu wanajua kufuma, na soksi za familia nzima ni kazi ya jioni chache.

Anza pale penye haja

Yawezekana msomaji anajiuliza, "Nitapata wapi fedha za mbao za nyumba nzima?" Hakuna anayelazimika kutengeneza nyumba nzima. Tembea ndani ya nyumba yako asubuhi moja ya baridi bila viatu, uangalie ni wapi hasa mwili hukutana na sakafu. Utakuta ni mahali pachache: kando ya kitanda, pale mtoto anapochezea, mbele ya kiti cha mzee, pale unaposimama muda mrefu kupika, na pale mnapokusanyika kwa sala. Pavike joto hapo kwanza.

Kwa mahali pa mtoto, unaweza kushona tandiko la tabaka tatu. Chini weka gunia safi lililokunjwa mara mbili. Katikati weka blanketi kuukuu au masweta yaliyochakaa, yaliyokatwa na kupangwa pasipo mafundo. Juu shona kitambaa cha pamba kigumu kinachofulika. Lipitishe sindano mraba kwa mraba ili vya katikati visijikusanye upande mmoja. Kila asubuhi liinue, sakafu ipate hewa, na mara kwa mara lianike juani.

Kwa mwenye kufuga kondoo, ngozi iliyotengenezwa vizuri, manyoya yake yakiwa juu, ni zawadi kubwa kwa mzee. Iweke mbele ya kiti chake ili akanyage hapo, lakini hakikisha haitelezi. Kuanguka ni hatari kwa mzee kuliko baridi. Ishonee kitambaa kizito upande wa chini.

Tena usisahau mlango. Upepo unaopita chini ya mlango hutambaa sakafuni moja kwa moja hadi kwa mtoto. Shona mfuko mwembamba wenye urefu wa mlango, ujaze vitambaa, na uulaze hapo usiku. Lakini madirisha au matundu ya juu yasizibwe yote, kwa sababu watu waliolala wanahitaji hewa, na chumba kisichopitisha hewa hutoa jasho ukutani.

Mazungumzo ya mume na mke

Ujenzi ni jambo la familia. Mara nyingi baba hukutana na fundi, wakakubaliana juu ya sakafu, na mama huiona ikiwa tayari. Si kwa ubaya. Ni kwamba hawakuketi pamoja. Yafaa kabla ya kununua chochote mume na mke waulizane: Ni nani atakayekaa sakafuni katika chumba hiki? Saa ngapi? Pana maji? Pana mtoto mdogo au mzee?

Maswali hayo yanaweza kubadili mpango mzima. Tumeona nyumba ambazo sebule ina vigae vya kumetameta kwa ajili ya wageni wanaofika mara moja kwa mwezi, huku chumba cha watoto kikiwa na saruji tupu inayotoa unyevu. Kumheshimu mgeni ni jambo jema, na Maandiko yanatufundisha ukarimu. Lakini mgeni hukanyaga sakafu yetu akiwa na viatu, kwa saa moja. Watoto wetu huikanyaga bila viatu kila siku ya utoto wao. Kama fedha inatosha kwa chumba kimoja tu, kiwe kile cha wadogo.

Katika Mithali sura ya 31 anatajwa mwanamke ambaye theluji haikumtia hofu kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Sababu yake haikuwa kwamba kwao hakukuwa na baridi. Alikuwa amekwisha kuwaandalia nguo za kutosha kabla baridi haijafika. Nasi tufanye vivyo hivyo na sakafu. Mwaka huu pengine utaweza kuchimba mfereji nje ya ukuta na kushona tandiko moja. Mwaka ujao utanunua mbao za chumba kimoja. Na kuanzia usiku wa leo, jiko la mkaa libaki nje.